Je, Yafaa Serikali Ijue Nani Ana Bunduki?



Swali tunaloliweka mbele yenu safari hii si la kila nyumba, maana wengi wetu hatujapata kushika bunduki wala hatutazamii kuishika. Hata hivyo limetufikia kwa njia mbili. Wako kati yetu wenye watoto na jamaa wanaoishi Marekani, nao huleta habari nyumbani wakistaajabu ya kwamba katika nchi ile watu wema, wenye kwenda kanisani kila Jumapili, huiogopa karatasi ya bunduki kuliko bunduki yenyewe. Na hapa kwetu wako wachache wenye silaha kwa halali: mwenye shamba linaloharibiwa na nguruwe, mwenye duka, mwenye kazi ya ulinzi. Hao kila waitwapo kuhakikiwa silaha zao hunong'ona, "Kwa nini wanataka kujua?" Minong'ono hiyo yastahili kujibiwa, wala si kukemewa tu.

Swali lenyewe ni hili. Mtu anaponunua silaha, je, ni haki jina lake liandikwe? Na likiisha kuandikwa, daftari hilo akae nalo nani?

Sisi Waanglikana tusijifanye wageni wa madaftari. Kitabu cha ubatizo na kitabu cha ndoa vilivyomo katika kabati la kanisa letu vina historia, na historia yake ilianza kwa hofu. Katika mwaka 1538 Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliamuru kila mtaa uwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Watu hawakushangilia. Uvumi ulienea ya kwamba ni kodi mpya inakuja, kwamba kila mtoto atakayebatizwa na kila maiti atakayezikwa atatozwa fedha. Tukiwacheka tutakosea, kwa sababu mfalme yule yule alikuwa katika miaka hiyo hiyo akizifunga nyumba za watawa na kuchukua mali yake. Aliyeona hayo alikuwa na sababu ya kuuliza kitabu kipya ni cha nini.

Lakini amri ile ilikuwa na kifungu kimoja ambacho twakiona chenye busara kubwa. Kitabu kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja akae nao kasisi, wa pili wakae nao wazee wa kanisa. Na kila Jumapili kasisi aandike mbele ya mzee wa kanisa, si peke yake chumbani. Kwa hiyo kasisi akiwa mwovu hawezi kukifungua peke yake, na wazee wakiwa waovu nao hawawezi. Tunaomba msomaji aliweke sanduku hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa twende Marekani, ambako ubishi huu ni mkali kuliko popote tunapopajua. Katiba yao, kwa nyongeza ya mwaka 1791, yataja haki ya watu kuwa na silaha. Kwa muda mrefu mtu aliweza kununua bunduki kama anunuavyo jembe, hata kwa posta. Bunduki iliyomwua Rais Kennedy mwaka 1963 iliagizwa hivyo, kwa jina la uongo, kutoka duka moja la Chicago. Wapelelezi walipolitafuta jina hilo hawakulipata katika daftari la serikali, kwa kuwa halikuwapo. Walilipata katika kumbukumbu za mwenye duka. Mwezi Aprili 1968 akauawa Mchungaji Martin Luther King, na mwezi Juni ndugu yake Rais, Robert Kennedy. Mwezi Oktoba mwaka huo Rais Johnson alitia sahihi sheria ya kudhibiti silaha, na siku ile ile akalalamika kwamba Bunge limemnyima jambo alilolitaka, yaani kuandikisha bunduki zote za nchi na kuwapa leseni wenye nazo.

Tangu hapo utaratibu wao umekuwa wa namna ya peke yake. Mtu akinunua bunduki katika duka lenye leseni hujaza Fomu 4473. Huandika jina lake na mahali akaapo, hujibu kama amewahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa au kwa kumpiga mkewe, kisha hutia sahihi, na akidanganya ni kosa la jinai. Tangu mwaka 1998 mwenye duka huwauliza maofisa wa FBI kama mtu huyu amekatazwa. Wakijibu kwamba hana kizuizi, kumbukumbu ya jibu hilo lazima iharibiwe katika muda wa saa 24. Fomu haiendi serikalini, hukaa dukani. Na sheria ya mwaka 1986 yaikataza serikali kuu kuzikusanya fomu hizo ili kutengeneza daftari la wenye bunduki wote. Bunduki za rashasha tu na silaha chache za namna hiyo ndizo zenye daftari la taifa, tangu mwaka 1934, ingawa majimbo machache yana madaftari yao wenyewe.

Duka likifungwa, karatasi zake hupelekwa katika mji wa Martinsburg, jimbo la West Virginia. Huko masanduku yamejaa hata mengine yakawekwa katika makontena nje ya jengo. Karatasi hupigwa picha, lakini kwa makusudi picha hizo zimewekwa hivi kwamba mtu hawezi kutafuta kwa jina la mnunuzi. Polisi akiokota bunduki mahali palipouawa mtu, karani humpigia simu aliyeitengeneza, huyo hutaja aliyemwuzia, huyo naye hutaja duka, na kama duka limekufa, karani hufunua ukurasa baada ya ukurasa kama mtu atafutaye ubatizo wa babu yake katika kitabu kilicholiwa na mchwa. Na kama mnunuzi wa kwanza aliiuza kwa jirani, njia hukatika hapo, maana sheria ya taifa haimlazimu mtu asiye mfanya biashara kujaza fomu.

Msomaji atasema huo ni ujinga. Sisi hatusemi hivyo. Ni sanduku la kufuli mbili: serikali ina ufunguo mmoja na mwenye duka ana wa pili. Waliotunga sheria walitaka serikali iweze kuifuata bunduki moja iliyoua, lakini isiweze kukaa na kusoma majina ya watu wote. Ila kufuli hiyo ina gharama, na haifai kuificha. Anayeilipa ni mama ambaye muuaji wa mwanawe hajajulikana, kwa sababu njia ilikatika.

Yako makanisa yaliyolipa gharama nyingine, ya karatasi isiyoandikwa. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2017, katika kijiji cha Sutherland Springs, jimbo la Texas, mtu aliingia katika kanisa la Wabaptisti wakati wa ibada akawapiga watu risasi. Walikufa 26, wakihesabiwa pamoja na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtu yule alikuwa askari wa jeshi la anga, na mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa kumpiga mkewe na mtoto wa mkewe. Kwa hukumu hiyo alikuwa amekatazwa kisheria kununua bunduki. Lakini jeshi halikupeleka habari za hukumu ile kwa FBI. Basi alipokwenda dukani akajaza fomu na kudanganya, ofisi ilitazama daftari, haikuona kitu, ikasema mpeni. Mwaka 2021 jaji mmoja wa serikali kuu aliamua kwamba jeshi la anga lilibeba asilimia 60 ya lawama ya mauaji yale.

Tulipolisoma jambo hilo tulikaa kimya kitambo. Hakuna aliyekusudia mabaya katika ofisi ile. Yuko karani mahali fulani ambaye alikuwa na jalada mezani, na fomu ya kujaza, na pengine saa ya kwenda nyumbani ilikuwa imefika. Miaka miwili kabla yake, mwezi Juni 2015, kijana mmoja aliwaua watu tisa waliokuwa wakijifunza Biblia katika kanisa la Emanuel huko Charleston, jimbo la South Carolina. Naye aliipata bastola yake kwa sababu kumbukumbu za kukamatwa kwake ziliandikwa vibaya, na muda wa siku tatu wa kungoja jibu ukapita. Twasikia mara nyingi mahubiri juu ya dhambi za ulimi. Za kalamu hazihubiriwi sana, hasa dhambi ya kalamu iliyowekwa chini kabla kazi haijaisha.

Kwa hiyo yule asemaye, "Karatasi haizuii risasi," amesema kweli nusu. Na yule asemaye, "Jambazi hajiandikishi," naye pia. Bunduki haioti shambani. Iliyomo mkononi mwa jambazi ilitoka kiwandani, ikapita dukani au ghalani mwa jeshi, ikafika kwa mtu aliyeipata kwa haki, kisha ikaibiwa, au ikauzwa kwa siri, au ikaazimwa. Daftari halimzuii mwizi, bali laonyesha mahali ambapo silaha ilidondoka njiani, na nani alikuwa akiichunga siku hiyo. Sheria ya Musa katika kitabu cha Kutoka yasema habari za ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa, asimfunge, na ng'ombe akiua, basi mwenyewe ana hatia. Itajulikanaje kwamba alionywa, kama hakuna aliyeshuhudia na kukumbuka? Hata katika kijiji kisicho na karani, haki ilihitaji kumbukumbu.

Hapo tungeweza kuishia na kusema: andikeni, mtulie. Lakini wenye hofu nao wana ushahidi wao, na ni ushahidi mzito.

Huko huko Marekani, mara baada ya utumwa kukomeshwa, jimbo la Mississippi lilitunga sheria mwaka 1865 kwamba mtu mweusi asiwe na silaha bila kibali cha wakubwa wa mahali pake. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya Martin Luther King mjini Montgomery ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Aliomba kibali cha kuchukua bastola, akanyimwa. Baadaye yeye mwenyewe aliziondoa silaha nyumbani mwake kwa imani, na hiyo ni habari nyingine. Lakini afisa aliyemnyima hakufanya hivyo kwa ajili ya imani. Huko Ujerumani, mara tu baada ya usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 ambapo masinagogi yalichomwa moto, serikali ya Hitler ilitoa amri tarehe 11 kuwakataza Wayahudi wasiwe na bunduki wala hata silaha za kuchoma na kukata. Na karibu nasi, Kenya, katika miaka ya Hali ya Hatari, kukutwa na silaha bila ruhusa kulikuwa na adhabu ya kifo, wakati walowezi wakitembea na bastola viunoni. Dedan Kimathi alipohukumiwa mwaka 1956 shtaka lilikuwa ni kukutwa na bastola na risasi, na kwa hilo alinyongwa Februari 1957. Mwafrika wa siku zile aliyesikia neno "leseni ya bunduki" hakusikia neno la usalama.

Tena daftari huishi kuliko aliyeliandika. Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika vitambulisho vya Rwanda katika miaka ya 1930. Yawezekana wengi wa makarani wale walidhani wanafanya kazi ya ofisi tu. Mwaka 1994 vitambulisho vile vile vilikuwa vikisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyeandikwa Mtutsi hakupita. Mfano huu si wa bunduki, lakini ndio unaotutisha kuliko yote, kwa sababu waonyesha kwamba wema wa serikali ya leo si dhamana ya serikali ya kesho.

Hata pasipo ukatili wa namna hiyo, uko uzembe. Mwezi Desemba 2012 gazeti moja la New York lilichapa ramani yenye majina na mahali pa kuishi pa watu wenye vibali vya bastola katika wilaya mbili, hata mwizi akaweza kusoma ni nyumba ipi ina silaha na ipi haina. Na mwezi Juni 2022 huko California ofisi ya serikali yenyewe iliziacha wazi, kwa makosa, habari za watu wenye vibali vya kuchukua silaha, na yeyote akaweza kuzisoma. Mjane aliyepata kibali kwa kumwogopa mtu anayemfuatafuata alijikuta amefichuliwa na wale aliowaomba ulinzi.

Tusemeje basi? Maandiko yana habari moja ambayo twaiona yafaa hapa kuliko nyingine. Katika kitabu cha pili cha Samweli sura ya 24, Mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe. Mara nyingi tunasahau ni watu gani waliohesabiwa: ni wenye kufuta upanga, laki nane wa Israeli na laki tano wa Yuda. Lilikuwa daftari la silaha. Na kazi ile, iliyochukua miezi tisa na siku ishirini, ilihesabiwa kuwa dhambi. Lakini kuhesabu kwenyewe hakuwezi kuwa dhambi, maana katika kitabu cha Hesabu Mungu mwenyewe alimwamuru Musa ahesabu wanaume wawezao kwenda vitani. Tofauti imo katika moyo wa ahesabuye. Musa alihesabu kwa kuwa ametumwa kuwaongoza. Daudi alitaka ajue ukubwa wake.

Tena tumtazame Yoabu. Hakuwa mtakatifu, mikono yake ilikuwa na damu nyingi. Lakini alimwuliza mfalme kwa nini anataka jambo hili, na kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati chasema hakuwahesabu Walawi na Wabenyamini, kwa kuwa neno la mfalme lilimchukiza. Kumbe mwenye kushika kalamu naye ana dhamiri, na kuuliza "kwa nini" si uasi. Minong'ono tuliyoitaja mwanzoni ilikuwa ni swali la Yoabu, ila yeye alilisema kwa sauti.

Maoni yetu, basi, ni haya, na asiyekubaliana nasi atuandikie. Jina la mnunuzi wa bunduki na liandikwe. Mtu anayechukua uwezo wa kuua jirani yake kwa kukunja kidole hawezi kudai kwamba jambo hilo ni lake peke yake. Hata atakaye kuoa tunamtangaza kanisani mara tatu, mwenye kizuizi aseme, na hakuna anayeona ametukanwa. Lakini serikali ikitaka kujua, nayo ijulikane: nani analifungua daftari, kwa ruhusa ya nani, na anaandikwa wapi yeye aliyelifungua? Pasipo ufunguo wa pili, mkononi mwa hakimu au wa chombo kingine kisicho chini ya polisi, hofu ya raia si ujinga.

Na serikali ikimwambia mtu atoe silaha yake, imejifunga deni. Mwishoni mwa mwaka 2001 ndugu zetu wa Karamoja, Uganda, waliitwa watoe bunduki kwa hiari, wakaahidiwa ulinzi. Maelfu ya bunduki yalitolewa. Kisha majirani ambao hawakunyang'anywa zao waliwavamia waliotii, wakaswaga ng'ombe wao, na ulinzi ulioahidiwa haukufika. Wengi walitafuta bunduki tena. Mtu wa namna hiyo ukimwita mara ya pili aandikishe silaha yake, utamwambia nini? Katika kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 13 Wafilisti hawakuacha mhunzi hata mmoja katika Israeli, na siku ya vita upanga ulionekana kwa Sauli na Yonathani tu. Adui huondoa silaha asirudishe kitu. Serikali iliyo mtumishi wa Mungu, kama anavyotufundisha Mtume Paulo, huchukua upanga ili aliyeuweka chini alale usingizi.

Hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila leseni, na nchi zetu zilikubaliana katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuzitia silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Hatuna ubishi wa Marekani. Ubaya wetu waweza kuwa mwingine: leseni iliyopatikana kwa chai. Mtu akimpa afisa fedha ili asiulizwe maswali, daftari limekuwa la uongo, na uongo huo una namba na muhuri, hata watakaolisoma baadaye wataliamini. Wako waumini wenzetu wanaofanya kazi katika ofisi za namna hiyo. Hatuwashitaki, tunawakumbusha Sutherland Springs.

Limebaki jambo moja dogo ambalo kila mara husahauliwa. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mzee akifariki, bunduki yake ikibaki nyuma ya kabati, mara nyingi mjane huogopa kuigusa, huogopa pia kwenda kuitaja asije akaulizwa mengi, na mwishowe huchukuliwa na kijana wa nyumba au mpwa ambaye hakuna anayejua anaifanyia nini. Habari ipelekwe polisi mapema, na leseni ya marehemu ichukuliwe, hata kama ni kuukuu. Mjane akiona hofu kwenda peke yake, amwambie kasisi au mzee wa kanisa yeyote, nao watafuatana naye mpaka kituoni na kungoja mpaka apewe hati ya kupokelewa.